Jengo la Reli Ligeuke Maduka, Sawa. Mkataba Tuusome Kwanza



Najua wengi mlitegemea leo niandike kuhusu katiba au tume ya uchaguzi. Leo naandika kuhusu majengo. Nivumilieni, maana mpaka mwisho mtaona kwamba ni habari ile ile: mali ni ya umma, maamuzi yanafanywa chumbani, na sisi tunaletewa taarifa siku ya kukata utepe.

Tuanzie nyumbani. Makambako ni mji uliokuzwa na njia. Barabara ya kwenda Njombe na Songea inakutana pale na barabara kuu ya Tanzania na Zambia, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa watu jasho kuliko vyote, kwa mahandaki na madaraja yake. Wazee wetu walibeba zege pale. Kwa hiyo stesheni ya Makambako na majengo yanayoizunguka ni mali iliyojengwa kwa mikono inayojulikana na kwa deni lililobebwa na nchi mbili. Haikuokotwa.

Septemba 2025 ulisainiwa mkataba wa kuikabidhi TAZARA kwa kampuni ya CCECC ya China kwa miaka 30: mitatu ya ukarabati na 27 ya uendeshaji, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Upande wa pili kuna Mchuchuma yetu kule Ludewa, makaa ya mawe tunayoimbiwa tangu tukiwa watoto. Siku makaa yale yakianza kutoka kwa kasi iliyoahidiwa, na treni zikirudi kukimbia, ardhi ya katikati ya Makambako itakuwa dhahabu. Na kwenye mji unaochangamka, vitu vya kwanza kutolewa macho na wenye fedha ni majengo makubwa ya zamani yaliyokaa sehemu nzuri: stesheni, maghala, karakana. Atakuja mtu na mchoro mzuri. Chini maduka na migahawa, juu apatimenti za kisasa zenye madirisha makubwa, na ukuta wa zamani umeachwa kidogo ili wapiga picha wafurahi.

Swali ni kwamba siku hiyo tutakuwa tumejiandaa, au tutakuwa tunashangaa?

Nisieleweke vibaya. Mimi si mpinzani wa kugeuza majengo ya kazi za zamani kuwa maduka na makazi. Nayaunga mkono. Jengo imara likiachwa linaoza, popo wanahamia, na mwisho linabomolewa bure. Pale Msasani, Dar es Salaam, Slipway wanayokwenda watu kula na kununua vinyago ilikuwa sehemu ya kutengenezea boti, na jina lenyewe linakuambia. Nairobi, ghala kwenye eneo la viwanda liligeuzwa kuwa GoDown, kituo cha sanaa kilichofunguliwa mwaka 2003, na wasanii wakapata mahali pa kufanyia kazi. Ukitumia kuta zilizopo unaokoa saruji, unaokoa nondo, na mji unabaki na kumbukumbu yake. Hilo halina ubishi.

Ubishi wangu ni kuhusu masharti. Na hapa nitavaa koti la mwanafunzi wa sheria kidogo.

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hiyo inalipa ulinzi wa moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Rudieni kusoma tarakimu hiyo: 1863. Hapo Wajerumani wenyewe hawajafika. Sasa pimeni. Kiwanda cha Tanwat pale Kibena, kilichoanzishwa mwaka 1949 na Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza kwa ajili ya miwati, hakimo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968, hakimo. Stesheni za TAZARA hazimo. Kwa kifupi, historia yote ya mfanyakazi wa nchi hii, kuanzia mkoloni mpaka Azimio la Arusha, haina kinga ya umri mbele ya sheria. Njia iliyobaki ni Waziri mwenyewe atangaze jengo fulani kwenye Gazeti la Serikali kuwa linalindwa. Kalamu ya mtu mmoja. Akiamua kulala, jengo limekwenda.

Kwa hiyo yule atakayekuja na mchoro wake Makambako hatakuwa amevunja sheria yoyote ya urithi. Ataomba kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, atapata, na kazi itaanza. Mama lishe aliyepika chai karibu na stesheni kwa miaka 20 ataambiwa apishe maendeleo. Kijana wa bodaboda ataonyeshwa kibao cha "hairuhusiwi kuegesha". Na mpangaji je? Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo kodi ya fremu itapangwa na mwenye jengo anavyotaka.

Kuna watakaosema natabiri mabaya. Basi tuangalie kwa wenzetu ambao wana sheria nzito, halmashauri zenye wataalamu, na magazeti yanayofuatilia kila senti.

London kuna kituo cha umeme kinaitwa Battersea. Kilikuwa kinachoma makaa ya mawe, kama ambavyo kituo cha megawati 600 cha Mchuchuma kilivyopangwa kufanya. Kilizimwa mwaka 1983 na kikabaki gofu lenye mabomba manne kwa miaka karibu 40. Mwaka 2012 wawekezaji wa Malaysia wakakinunua, wakakigeuza maduka, ofisi na apatimenti, na Oktoba 2022 milango ikafunguliwa kwa umma. Ni pazuri, picha zake mmeziona. Lakini kwenye makubaliano ya mradi mzima walikubali kujenga nyumba 636 za bei nafuu kwa watu wa kipato cha kawaida. Mwaka 2017 wakarudi halmashauri wakalia kwamba gharama zimepanda. Halmashauri ikakubali. Nyumba 636 zikawa 386. Nyumba 250 za watu wa kawaida ziliyeyuka kwenye kikao, wakati apatimenti za matajiri ziliendelea kujengwa kwenye jengo lile lile.

Kilichowaangusha kule ni mlango ulioachwa wazi wa kurudi mezani na kupunguza ahadi. Kama Waingereza wamepigwa hivyo mchana kweupe, sisi tutapona kwa maombi?

Na wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta makovu. Viwanda vyetu vilibinafsishwa tangu miaka ya 1990 kwa ahadi ya ajira na mitambo mipya. Rais Magufuli mwenyewe, wa chama kile kile kilichobinafsisha, alisimama hadharani akalalamika kwamba vingine vimegeuzwa maghala na vingine vinafugiwa mbuzi. Jiulizeni: kama kiwanda kiliuzwa ili kizalishe, kwa nini aliyekinunua aliweza kukigeuza ghala na akaendelea kulala usingizi? Ni kwa sababu ahadi ya uzalishaji haikuwa na meno, au meno yalikuwepo na hakuna aliyetaka kuuma. Wananchi hatukuwa na karatasi mkononi ya kuuliza.

Sisi watu wa Ludewa tunajua zaidi. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliingia ubia na Sichuan Hongda kwa ajili ya Mchuchuma na Liganga: asilimia 80 kwao, 20 kwetu. Watu waliotakiwa kupisha mradi walifanyiwa tathmini mwaka 2015. Fidia, shilingi bilioni 15.4 kwa wananchi 1,142, ikaja kulipwa mwaka 2023. Miaka minane! Ukiambiwa usiendeleze shamba lako, usijenge, usipande miti ya muda mrefu, halafu usubiri miaka minane, hayo ni maisha yamesimamishwa. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati wa tathmini alikuwa sekondari fidia ilipofika. Sasa mnataka tuamini tu kwamba kwenye majengo ya mjini itakuwa tofauti?

Kwa hiyo msimamo ninaopendekeza tuubebe kama vijana ni huu: jengo la umma ligeuzwe maduka na nyumba, ndiyo, lakini kwa masharti manne, na yote yawe wazi kabla ya kusaini.

Kwanza, umma usiuze. Jengo likodishwe kwa muda maalumu, na umma ubaki mmiliki. Ardhi ya stesheni ikishauzwa hairudi, lakini mkataba wa ukodishaji una tarehe ya mwisho. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe. Ni sheria nzuri kwa mtu anayenunua apatimenti. Kwenye jengo la umma lakini inaweza kutumika kuligawa vipande vipande mpaka pasibaki cha umma hata ngazi. Lazima mkataba uzuie hilo.

Pili, waliopo wapewe nafasi ya kwanza. Idadi ya vizimba na fremu za wafanyabiashara wadogo iandikwe kwa tarakimu, na kodi yake kwa shilingi, pamoja na miaka ambayo haitapandishwa. Tusikubali maneno kama "watazingatiwa". Kuzingatiwa hakujazi sufuria.

Tatu, ahadi isipunguzwe kimya kimya. Mwekezaji akitaka kubadilisha idadi ya nyumba au vizimba, jambo hilo lirudi Baraza la Madiwani, kwenye kikao cha wazi, kwa notisi kwa wananchi. Na akishindwa kutimiza, jengo lirudi kwa umma bila kesi ya miaka kumi. Hili ndilo somo la Battersea.

Nne, historia ilindwe kisheria kabla ya nyundo ya kwanza. Waziri atumie mamlaka aliyonayo, atangaze kwenye Gazeti la Serikali majengo machache yanayobeba historia ya kazi katika mkoa huu na kwingine. Na Bunge liache kulala na tarakimu ya 1863. Sheria ya urithi ambayo haimwoni mfanyakazi wa Kibena wala mjenzi wa reli wa Makambako inamwona nani?

Najua majibu yatakayokuja. Chawa watasema tunafukuza wawekezaji. Mwekezaji makini hakimbii mkataba unaosomeka, maana unamlinda hata yeye: serikali ikibadilika hataitwa mwizi. Anayekimbia mwanga ni yule mwenye jambo la kuficha. Wengine watasema kwamba watu wa Njombe wanahitaji hospitali na soko la parachichi na viazi, na kwamba habari za majengo ya kale ni anasa za wasomi. Lakini kodi ya jengo la umma lililokodishwa vizuri ni mapato ya kila mwezi ya halmashauri. Hospitali inajengwa na nini, kama si mapato?

Kwa hiyo tufanye nini, zaidi ya kusambaza hii kwenye magrupu?

Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya umma. Ibara ya 18 inatupa haki ya kupewa taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 imeweka siku 30 za kujibiwa. Andikeni barua. Msiandike barua ya jumla ya "tunaomba mkataba", maana mtajibiwa kwamba kuna siri za kibiashara. Ulizeni vitu mahususi: kwenye makabidhiano ya TAZARA, majengo na viwanja vya stesheni ya Makambako viko chini ya nani? Anaruhusiwa kuvipangisha? Mapato ya upangishaji yanakwenda wapi? Baada ya miaka 30 vinarudi katika hali gani? Swali mahususi ni gumu kulikwepa.

Pili, vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Halmashauri ya Mji wa Makambako na ile ya Njombe zote zinakutana. Nendeni mkae, na daftari mkononi, hata kama hakuna diwani wetu hata mmoja mle ndani. Diwani anayejua kwamba kuna vijana kumi wanaandika anasoma makabrasha yake vizuri zaidi.

Tatu, anzeni orodha. Kila tawi liandike majengo ya umma yaliyoko kwenye eneo lake: ghala la ushirika, karakana, stesheni, kiwanda kilichosimama. Ni la nani? Linatumika? Nani ana funguo? Siku mchoro mzuri ukitua mezani, tuwe na orodha yetu ya kuuweka pembeni yake.

Tusisubiri utepe, makamanda. Siku ya utepe mkataba unakuwa umeshasainiwa, na kinachobaki kwetu ni kupiga makofi kivulini.