Mapenzi ya kwetu nayo yaandikwe

Mhariri,

Hadithi mpya za mapenzi siku hizi tunazisoma kwenye simu, vipande vipande. Huku Wambaa, wakati wa kuchambua karafuu, mmoja husoma kwa sauti na wengine tunasikiliza, mikono ikiendelea na kazi. Zinasisimua, sikatai! Lakini karibu zote ni tajiri wa Dar es Salaam na msichana fukara, na utamu ukikolea tu unaambiwa ulipie sehemu inayofuata. Zainab Burhani, Mzanzibari mwenzetu, alitupa kitabu kizima, *Mwisho wa Kosa*, mwaka 1987. Wachapishaji, tunawaomba riwaya fupi za bei nafuu, zifike Chake Chake na Mkoani, na wapendanao wake wawe Wapemba.

Msomaji wenu,
Wambaa, Pemba