Mkoko Mkongwe, Milima ya Upare na Nyie Wawili

Mwezi huu tuziweke kando meseji za usiku wa manane na mawifi wakorofi, tumzungumzie mpenzi wa tatu ndani ya nyumba. Usishtuke, namaanisha gari. Kuna wanaume, na siku hizi kina dada pia, ambao wakiona Land Cruiser mkonga la miaka ya 90 limeegeshwa mahali wanageuza shingo mpaka wanajikwaa. Mimi naishi na mmoja wao. Ni Mpare wa Mbaga, watani zangu hao, na sifa zao unazijua: yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia anataka kuvunja akiba ya kiwanja anunue gari linalomzidi umri mdogo wake wa mwisho, ujue ugonjwa umeshaingia kwenye damu.

Kwetu hilo lilileta wiki tatu za kulala mzungu wa nne. Yeye anasema kiwanja hakikimbii. Mimi nasema hata gari bovu halikimbii. Mwishowe tulikaa na karatasi na kalamu, tukaelewana hivi: kiwanja kinalipwa kwanza kila mwezi, kinachobaki ndiyo cha gari, na risiti zote zinakuja kwangu. Sharti la pili lilikuwa langu pia: gari likikamilika, na mimi nalishika usukani mpaka nilijue kama yeye. Alicheka. "Gari zito hili mama, klachi yake utaiweza?" Nikamwambia tutaona.

Kwa nini mtu ahangaike na mkoko mkongwe wakati mapya yapo? Bei ndiyo jibu la kwanza. Lakini pia hayo ya zamani yanatengenezeka. Chukua HZJ75, ambayo Toyota waliitoa mwaka 1990. Injini yake ya 1HZ ina silinda sita, ni dizeli ya lita 4.2, haina tabo, na wala haihitaji kompyuta ili iwake. Ikigoma porini, fundi wa Same atakufungulia kwa spana na akili zake. Mengi ya magari haya yamepita mikononi mwa miradi ya wafadhili, misheni na mashirika, halafu yakauzwa kwenye minada. Kwa hiyo ukisikia "hili lilikuwa la DFP" usidhani umepata bahati. Limeshakula vumbi la miaka mingi na madereva wa kila aina.

Wapenzi wa Land Rover watanilaumu, na najua ni wengi, maana tamasha lao la Arusha la Oktoba 2024 liliujaza mji mzima magari hayo. One-ten ina raha zake, na bodi yake ya aluminiamu haili kutu kama bati. Ila chesisi yake ni chuma kama chuma kingine. Ndiyo maana fundi mzuri, awe wa Toyota au wa Land Rover, anaanza kulala chini ya gari akigonga chesisi kwa nyundo ndogo. Mlio ukiwa mzito na butu kama debe lililojaa udongo, kuna kutu imejificha. Rangi inayong'aa isikudanganye, mpenzi, kama ilivyo kwa wanaume.

Hela yetu ya kwanza iliishia huko chini. Breki zote upya, bushi, shokapu, mabomba ya rejeta na mkanda wa taimingi, maana kwa injini ile unatakiwa ubadilishwe kila kilomita 100,000 hivi, na hakuna aliyejua huu uliokuwepo umefungwa lini. Tukaongeza jani moja kwenye springi za nyuma kwa ajili ya mzigo. Vitu vya kupigia picha, yaani keria, taa kubwa na hema la juu, vilisubiri karibu mwaka mzima. Baadhi ya marafiki zetu walianza na taa. Wanang'aa kweli, wakiwa gereji.

Halafu kuna siri ya haba za mbele ambayo dereva wa mjini haijui. Kwenye mengi ya haya ya zamani, kuvuta gia ya fowili peke yake hakutoshi. Unashuka, unazungusha loki kwa mkono kwenye matairi mawili ya mbele, ndipo nguvu inafika huko. Usipofunga, unasaga matope kwa matairi ya nyuma tu huku unatukana gari la watu.

Sasa Same. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 400 za lami kupitia Segera, Korogwe na Hedaru. Ukifika, upande mmoja una Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, joto na vumbi, geti la Zange likiwa karibu kabisa na mji. Upande mwingine una milima, na juu kuna msitu wa Chome, ambamo kilele cha Shengena kinapita mita 2,400. Kwa wikiendi moja unaweza kuona tembo asubuhi na usiku ukalala na blanketi mbili. Kuna njia ya kupitia Mwembe, inayoacha barabara kuu kusini kidogo ya mji, na kuna ya kuzungukia Kisiwani mpaka Mbaga. Kibali cha kulala msituni ni cha TFS, cha Mkomazi ni cha TANAPA. Vipate kabla, maana kubembelezana getini na giza linaingia si mapenzi.

Kupanda, mkoko wetu unachoka. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, hewa inavyokuwa nyepesi. Hilo lisikutishe, unaweka gia nzito ya chini na kupanda polepole ukisalimia watu: "Shikamoo mama," "Marahaba, karibuni makande." Kazi ipo kwenye kushuka. Gari lenye hema, maji, dizeli ya akiba na nyie wawili linasukuma kweli, na dereva anayekanyaga breki muda wote anazichemsha mpaka zinaacha kushika. Unashuka kwa gia ileile ambayo ungepandia, injini ndiyo inashikilia, breki unaigusa tu.

Hilo nililijua vizuri usiku wetu wa pili Chome. Saa saba hivi mwenzangu aliniamsha, tumbo limemkaza upande wa kulia, jasho linamtoka na huku baridi inauma. Simu haina mtandao. Jirani yetu ni mikulo, ile miti mikubwa ya msitu ule, na vyura. Hema tuliliacha limesimama. Nilimfunga mkanda, nikafunga loki za mbele kwa tochi mdomoni, nikaweka gia ya pili ya chini na sikuitoa. Kwenye kona moja ya udongo mwekundu uliolowa nyuma iliteleza kuelekea bondeni. Nikamsikia mtu mgonjwa ananong'ona, "Usikanyage breki mke wangu, iache." Sikukanyaga. Gari likajishika lenyewe. Tulifika hospitali mjini Same alfajiri, ilikuwa kidole tumbo, na kabla ya saa sita mchana walikuwa wameshamfanyia upasuaji. Kijana wa kijijini alikwenda kutufungia hema, akarudisha mpaka vigingi.

Tangu siku hiyo hakuna utani tena kuhusu klachi. Na nyie mnaokwenda wawili halafu mmoja hajui hata rivasi iko wapi, mnakwenda na abiria na dereva, basi.

Jambo lingine ni mvua. Vuli inaanza Oktoba na masika Machi, na milima hii haitaniwi. Novemba 2009, kule Mamba Miamba, udongo uliporomoka na kuua watu zaidi ya 20 wakiwa majumbani mwao. Kwa hiyo hata kama mandhari ni ya kufa mtu, usipige hema chini ya mteremko uliolimwa wala kwenye korongo kavu. Wenyeji wakikuambia hapo hapalaliki, usibishane nao.

Mkomazi ni rahisi zaidi kwa mnaoanza. Ni hifadhi ya taifa tangu 2008, ina zaidi ya kilomita za mraba 3,200, imepakana na Tsavo ya Kenya, na ina faru weusi ambao wa kwanza waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997 wakalelewe kwenye uzio. Hapo gari la zamani linapumua, ila msitoke nje ya njia zilizowekwa, hata kama tairi zenu zina meno ya mamba.

Safari yetu ijayo ni Julai, Ziwa Jipe, tukizungukia Mwanga. Mwenzangu anataka friji ya gari. Mimi nataka tairi la akiba la pili na godoro la maana. Risiti nimezipitia mara mbili, hela inatosha kimoja tu, na funguo ziko kwenye mkoba wangu.