Kiti Kinachomtii Mwenyewe

Wazazi na vijana wetu, mwezi huu nalikusudia kuandika habari nyingine, lakini mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alinijia baada ya darasa akaniuliza suala linalostahiki kujibiwa mbele ya watu wote. Alikuwa ameona picha ya kiti cha magurudumu cha umeme kinacholala, kinachoinama nyuma na kinachopanda juu kwa kubonyezwa kitufe. Akasema, "Maalim, kiti ni cha kukalia. Madude yote haya si anasa ya matajiri?"

Nalimwuliza, "Wewe umekaa hapa tangu lini?" Akasema, "Yapata nusu saa." Nikamwuliza, "Umejisogeza mara ngapi?" Hakujua, wala hapana katika sisi ajuaye. Nyama ikibanwa na mfupa, damu haipiti vyema, nasi huhisi karaha tukajigeuza bila ya kufikiri. Ama mtu aliyevunjika uti wa shingo, pengine hahisi chochote, na hata akihisi hawezi kusogea. Nyama iliyokosa damu muda mrefu hufa, na hapo huzuka kidonda. Mara nyingine huanzia ndani karibu na mfupa, na ngozi ya juu ingali nzima.

Wengi wamjua Christopher Reeve, mchezaji sinema wa Marekani. Mwaka 1995 alianguka kutoka juu ya farasi akapooza kuanzia shingoni, akawa akiongoza kiti chake cha umeme kwa pumzi, kwa kupuliza na kunyonya mrija. Hakukosa mali wala matabibu. Hata hivyo, alipofariki Oktoba 2004, naye ana miaka 52, alikuwa akitibiwa kidonda cha namna hiyo kilichoingia vijidudu. Basi hili si jambo la starehe.

Yafaa vijana wajue asili ya chombo hiki. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Kanada ilikuwa na askari waliopooza mikono na miguu, wasioweza kujisukuma. George Klein, mhandisi wa Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo, aliwatengenezea kiti cha umeme kinachoongozwa kwa kijiti. Mwaka 1956 kampuni ya Everest & Jennings ya Marekani ikaanza kuviuza viti vya umeme kwa wingi. Kazi kubwa ya viti vile ilikuwa kumpeleka mtu. Hivi vya leo humgeuza pia.

Chini ya kiti cha leo mna mikono ya chuma. Ndani ya kila mkono mota ndogo huzungusha skrubu ndefu, na mkono hurefuka au hufupika. Nguvu hutoka katika betri mbili za volti 12 zilizoungwa pamoja. Ziko harakati mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza, kiti kizima huinama nyuma, na kiuno na magoti hubaki vilivyokunjwa. Uzito huhama makalioni ukaenda mgongoni. Ya pili, egemeo peke yake hulala, na hapo mwili huweza kuteleza na ngozi ikasuguliwa. Kwa hiyo mwenye kiti hufundishwa kuinama kwanza ndipo alaze egemeo, na wakati wa kurudi kuinua egemeo kwanza.

Mwenye kuamrisha yote hayo ni kisanduku cha elektroniki. Kijiti kile kile kinachoendesha magurudumu, baada ya kubadilishwa kazi kwa swichi, huinamisha kiti. Asiye na mikono mizima hutumia kidevu, kichwa au pumzi. Na kiti kikiwa kimepanda juu au kimeinama sana, kisanduku hupunguza mwendo au hukataa kwenda kabisa, kisije kikapinduka.

Hata huko Marekani suala la mwanafunzi wangu limebishaniwa miaka mingi. Ni tarehe 16 Mei 2023 tu ndipo bima ya afya ya serikali, Medicare, ilipokubali kulipia mtambo wa kukipandisha kiti kwa baadhi ya wanaouhitaji. Kiti kikilingana na kitanda, mtu huhama kwa salama zaidi, na mkono wake hufika kabatini.

Sasa wazazi nisikilizeni. Katika viti hivi huenda pakawekwa kidude cha pili nyuma, cha mwangalizi. Ni chenye manufaa, lakini kina hatari ya kutusahaulisha nani mwenye kiti. Mimi mwenyewe nina kosa. Marehemu ami yangu alipooza, nami nikimsukuma katika kiti cha kawaida. Nikimpeleka kivulini nikidhani ataka kivuli, nikimgeuzia ukutani nipate kuzungumza na rafiki zangu. Siku moja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi si gunia." Neno lile lingali masikioni mwangu.

Huenda nyumbani mwako hakuna kiti cha umeme, wala fedha za kukinunua. Lakini ulimi wa kuuliza unao: "Nikugeuze? Wapi? Imetosha?" Msaidie mgonjwa ajiinamishe mbele au kando mara kwa mara mchana kutwa. Kila siku tazama ngozi ya makalio, nyonga na visigino. Ukiona pamebadilika rangi pasirejee, au pana joto au pagumu kuliko pengine, usingoje kidonda, mwite tabibu.

Kijana wangu aliposikia haya alinyamaza, kisha akasema, "Nyumbani tunaye bibi. Mimi humwinua pasi na kumwuliza." Nikamwambia, "Basi nenda ukaanze leo."