Utetezi wa Dadu

Msomaji, keti siku moja penye kibanda cha waendesha bodaboda mjini Thika, wakati abiria ni wachache, uwatazame watu wanne wakicheza ludo. Kete haiondoki nyumbani mpaka mchezaji apate sita. Mmoja wao ametupa dadu mara kumi asiipate. Wenzake wanamcheka, mwingine anamwambia kwamba amekanyaga kitu kibaya alfajiri, na yeye mwenyewe anaikamata dadu kwa matumaini makubwa, akisema kuwa sita imekawia mno, haina budi kuja sasa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayotaka kuyapinga kwa nguvu zangu zote, maana yamewafilisi watu wengi.

Dadu ina nyuso sita. Ikiwa imechongwa sawasawa, kila uso una nafasi moja katika sita ya kuwa juu. Haina masikio wala kumbukumbu; haijui kwamba imekunyima mara kumi, wala haioni haya. Mtupo wa kumi na moja ni kama ule wa kwanza. Tena huko kukosa mara kumi si muujiza. Nafasi ya kukosa sita katika mtupo mmoja ni tano katika sita; zidisha tano kwa sita hizo kumi pamoja, utapata kama 16 katika 100. Endelea na hesabu hiyo kwa wachezaji wanne, utaona kwamba katika karibu nusu ya michezo yote, mtu mmoja au zaidi atakosa sita katika mitupo yake kumi ya kwanza. Yule anayeambiwa ana mkosi ni mtu ambaye hesabu ilikwisha kumtarajia.

Wako wazee wetu, na walimu wenzangu pia, wasemao kwamba dawa ya kamari ni kuifukuza dadu shuleni. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, dadu mbili nilizopeleka darasani kufundishia hesabu zilichukuliwa zikatupwa chooni. Nia ilikuwa njema. Lakini je, kijana aliyefichwa dadu ameokoka? Kati ya 2016 na 2018 mashine za kamari za kutia sarafu ya shilingi 20 zilienea madukani katika sehemu nyingi za Kenya, na watoto wa shule walizifuata na nauli zao. Dadu walau inakuonyesha nyuso zake zote. Mashine huficha zake tumboni. Anayeingia humo bila kujua kuhesabu nafasi anaingia kipofu.

Tuseme mtu anakuita kando ya soko akakuahidi hivi: weka shilingi 20, tupa dadu mbili, ukipata sita mbili nitakulipa 200. Mara kumi ya fedha yako! Moyo unaruka. Lakini dadu mbili huweza kuangukia kwa njia 36, na sita mbili ni njia moja tu kati ya hizo. Ukicheza mara 36 utakuwa umetoa shilingi 720, nawe kwa wastani utalipwa mara moja, shilingi 200. Zile 520 ni mshahara wa aliyekuita, na bahati haina mkono ndani yake.

Watanijibu kwamba elimu hiyo ilizaliwa kamarini. Ni kweli, sikatai. Cardano, tabibu wa Italia aliyeandika kitabu juu ya michezo ya dadu, alikuwa mcheza kamari; na Pascal na Fermat, walipoandikiana barua mwaka 1654, walikuwa wakijadili namna ya kugawana fedha za mchezo uliokatizwa. Lakini tazama elimu hiyo imefika wapi. Panda matatu kutoka Thika mpaka Ruiru, penye kituo cha utafiti wa kahawa. Ugonjwa wa chulebuni, ambao huozesha matunda yangali mabichi, ulionekana Kenya mwaka 1922. Mwaka 1971 watafiti wa Ruiru walianza kazi ya kuzalisha mibuni yenye kinga, na mwaka 1985 wakawapa wakulima aina iitwayo Ruiru 11. Kazi hiyo haifanyiki bila hesabu ya dadu. Kinga iliyomo katika kahawa ya K7, kwa mfano, hutokana na jeni ambayo haijidhihirishi mpaka mche uirithi kwa wazazi wote wawili. Wazazi wakiwa na nakala mojamoja, mche una nafasi nusu ya kuipata kwa huyu, na nusu kwa yule. Nusu ya nusu ni robo. Mtafiti akiona miche mitano mfululizo haina kinga, hasemi kwamba wa sita hauna budi kuwa nayo. Hupanda mingi, akahesabu.

Zile dadu mbili sikurudishiwa. Nilichonga nyingine kwa kipande cha mti wa mbuni, na darasa langu likaitupa mara 600, zamu kwa zamu, likiandika kila mtupo. Kwa dadu ya haki tungetazamia kila uso mara 100 hivi, na 90 au 110 isingemshangaza mtu. Tatu ilitokea zaidi ya mara 140. Mvulana mmoja, ambaye wiki iliyotangulia aliapa mbele ya wote kwamba nyota yake ni tatu, alisimama akaniambia, kwa adabu, kwamba kazi yangu ya useremala ina kasoro, na akaomba nichonge nyingine.