Shilingi ya Mzazi na Shilingi ya Serikali: Wito kwa Wakazi wa Eastlands

Ndugu zangu wa Kaloleni na Makongeni, wa Bahati, Maringo na Jericho, wa Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, nawaandikia nikiwa na yakini kwamba haja ya shule zetu za umma kupata umeme wa kutegemewa, mtandao na tarakilishi imefika mahali ambapo mzazi mmoja mmoja hawezi kuitimiza kwa mfuko wake, wala Serikali haijaweza kuitimiza kwa mipango iliyobuniwa mbali na mitaa yetu. Iko njia nyingine, nayo ni ruzuku ya shilingi kwa shilingi: iwekwe sheria kwamba kila fedha itakayochangwa kwa hiari na wazazi na majirani wa shule kwa kazi hiyo, Serikali itaiongezea kiasi kama hicho, na pale penye ufukara mwingi itaongeza mara tano, hata mara tisa.

Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa na Serikali tarakilishi za mkononi. Utekelezaji ulianza mwaka 2016, na katika miaka iliyofuata vifaa zaidi ya milioni moja, vingi vikiwa vishikwambi, viligawiwa katika shule za msingi nchini kote. Si haki kuubeza mradi ule, kwani ndio uliosukuma nyaya za umeme zifike katika shule nyingi zilizokuwa gizani. Lakini kwingine vifaa vilibaki vimefungiwa makabatini kwa hofu ya wezi, au kwa sababu walimu hawakupewa mafunzo ya kutosha, au betri zilikufa na halikuwako fungu la kununulia nyingine. Na mzazi, ambaye hakushauriwa vilipoletwa, hakujiona kuwa na dhamana ya kuuliza vimelala wapi. Naamini mtu hukilinda kwa wivu kile alichokitolea jasho lake, na hapo ndipo mradi ule, pamoja na ukubwa wake wote, ulipopungukiwa.

Tangu Januari 2023, sekondari msingi ilipofunguliwa ndani ya nyua za shule za msingi, haja imezidi, kwa kuwa watoto wa gredi ya saba hadi ya tisa wanasoma masomo ya awali ya kiufundi, ambamo tarakilishi si pambo bali ni chombo cha kazi.

Naijua hoja itakayotangulia kutolewa, nami naiheshimu. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza karo ya masomo katika shule za umma. Basi kwa nini mwananchi aliyekwisha kulipa kodi aombwe tena? Kwa sababu, ndugu zangu, tayari tunalipa, na tunalipa vibaya. Jioni baada ya jioni, katika saiba zilizo kando ya barabara za mitaa yetu, akina mama waliotoka kazini wakiwa wamechoka hutoa shilingi kumi hapa na hamsini pale ili kuchapisha picha na kazi ambazo mtoto ameambiwa azipeleke shuleni kesho asubuhi. Na fedha hizo, ambazo zikijumlishwa kwa darasa moja na kwa muhula mzima si haba, haziachi shuleni hata waya mmoja. Yule asiyekuwa nazo, mwanawe huenda mikono mitupu na kuona haya mbele ya wenzake. Mchango ninaousihi ni wa hiari, mtoto yeyote asirudishwe nyumbani kwa ajili yake, na ruzuku yake isipunguze hata senti moja ya mgao ambao kila mwanafunzi anastahili kupata.

Wala hatuanzi jambo geni. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 wananchi walijenga shule za sekondari za Harambee kwa wingi hata, katika miaka ya sabini, zikazidi zile za Serikali kwa idadi. Aibu za mtindo ule zilikuwa mbili: penye mali palipata zaidi, na wanasiasa waliugeuza mchango kuwa jukwaa lao. Ya pili ilimfanya Rais atangaze, Julai 2024, kwamba maofisa wa Serikali wasishiriki tena katika harambee. Nasi tuchange bila mgeni wa heshima. Ya kwanza huondolewa na kipimo cha ufukara. Huko Marekani, chini ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996, shule za umma hupunguziwa gharama ya mtandao kwa asilimia 20 hadi 90, na kadiri watoto wa maskini wanavyokuwa wengi ndivyo shule inavyolipa kidogo. Fedha zenyewe hutokana na michango ya kampuni za simu. Kenya nayo inayo Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyowekwa na marekebisho ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 2009, ambayo kampuni za simu huichangia na ambayo imekwisha kuunganisha mamia ya shule za sekondari na mtandao. Sioni kwa nini hazina hiyo isiwe chemchemi ya ruzuku hii.

Basi kila shule iitishe mkutano wa wazazi muhula huu, na hao, pamoja na bodi ya usimamizi, wafungue akaunti ya kazi hii peke yake, hesabu zake zibandikwe ukutani kila mwezi. Hatukosi watu wa kuisimamia: vyama vyetu vya akiba vimejaa wanawake ambao wameweka daftari kwa uaminifu miaka mingi bila mshahara. Na fedha za kwanza, nasisitiza, zisinunue vifaa. Zinunue milango ya chuma, nyaya salama na malipo ya fundi, ndipo tarakilishi zifuate.

Ombi letu liende katika Bunge la Taifa kwa mujibu wa Ibara ya 119, likiwa na sahihi za wazazi wa kila wadi, kuanzia Makadara na Kamukunji hadi Embakasi yote. Makadirio ya bajeti hufikishwa Bungeni kabla ya mwezi Mei kuanza, na Ibara ya 221 inaitaka kamati inayoyajadili isikilize maoni ya wananchi. Sahihi zikusanywe kabla ya mwisho wa Machi, na kila shule ichague wazazi wawili watakaokwenda kuzungumza mbele ya kamati hiyo, hesabu za akaunti zikiwa mkononi.