Matokeo ya maji yetu yabandikwe bombani

Vijana wenzetu, na nyinyi ndugu zetu mnaofanya kazi ya misaada, leo tuongee maji.

Sisi tunaokaa Cyanzarwe tunajua jerikani inavyovunja mgongo. Ardhi ya hapa ni ya volkano: mvua inanyesha kubwa, maji yanazama kwenye mawe, basi. Huko chini, mto Sebeya unabeba udongo wa milimani mpaka ziwa Kivu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ulifurika. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Na ni Sebeya hiyohiyo ambayo kiwanda cha Gihira kinachota ili mji wa Gisenyi unywe. Udongo ukitoka shambani kwa mtu wa juu, unamfuata mtu wa chini.

Habari hizi ziko kwenye intaneti, bure. Bodi ya Maji ya Rwanda (RWB) ina tovuti yenye taarifa za mito na mabonde. Kitabu cha Sphere, ambacho mashirika mengi ya misaada yanafuata, kinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku, na klorini inayobaki majini isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Lakini mama anayepanga foleni atasomaje? Maandishi mengi ni ya Kiingereza, na faili moja inamaliza mega zote.

Mara mbili tuliomba matokeo ya kipimo cha bomba letu. Tukajibiwa: hiyo ni ripoti ya ofisi. Eti watu wataogopa.

Hapana. Wazazi wetu wanakumbuka kipindupindu cha Goma, Julai 1994, kilichoua maelfu ya wakimbizi. Woga wanao tayari. Kinachokosekana ni habari. Mama akijua klorini ni kidogo, atachemsha maji. Akijua kwamba uchafu unaimaliza nguvu klorini, ataacha kwanza maji yatulie, ayachuje kwa kitambaa safi, ndipo atie dawa. Hiyo tumeisoma kwenye simu, na ingetosha karatasi moja ya Kiswahili na Kinyarwanda.

Ndugu wa misaada, tunaomba kitu kimoja: kila wiki bandikeni bombani tarehe, kiasi cha klorini, na kama maji yamepita kipimo.

Na sisi hatutakaa mikono mitupu. Tutatafsiri, na kwa wasiosoma tutarekodi sauti za dakika moja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye umuganda, tutashika majembe na wenyeji kuchimba mitaro ya kuzuia udongo. Tuko wageni hapa, lakini maji tunayokunywa ni yaleyale.

Wewe unayesoma, bomba lako lilipimwa lini? Uliza kesho.