Kabla ya Kutuma Pesa za Mbolea
Kila msimu watuma pesa nyumbani Kisii au Nyamira za kununulia DAP ya kupandia soya. Mavuno yakiwa haba, usiwalaumu wazee wala mbegu. Wakati wa maua, ng'oa mmea mmoja upasue vinundu vya mizizini. Vikiwa vyekundu ndani, bakteria wanautengenezea naitrojeni. Vikiwa vyeupe, wamelala.

Huenda wamekosa molibdenamu. Inayohitajika ni gramu chache tu kwa ekari, lakini udongo wenye asidi, kama ulivyo mwingi wa milima hiyo ya mvua, huifungia. DAP huongeza asidi. Chokaa huifungulia, ila ikizidi huifunga zinki.

Basi lipia kwanza kupimwa kwa udongo. Haba na haba hujaza kibaba.